Ukuta wa Sebuleni Kuwa Skrini ya Projekta: Upakwe Rangi Gani, na kwa Namna Gani?

Msomaji wa Tanga ameniandikia kwamba amenunua projekta yenye mwanga wa lumeni 700 kwa kipimo cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, na anataka ukuta mmoja wa sebule yake uwe skrini ya inchi 100, ili familia itazame filamu usiku na mpira wa Uingereza jioni za Jumamosi. Fundi rangi wake anasisitiza ipakwe nyeupe ya silki, kwa hoja kwamba rangi inayong'aa itatoa picha inayong'aa. Jirani anamwambia kijivu ndicho bora, na kuna duka linalouza rangi maalumu ya skrini kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya kopo la kawaida. Anauliza amsikilize nani, na anaongeza kuwa nyumba iko karibu na bahari na sehemu ya chini ya ukuta huo hutoa chumvi.

Ndugu msomaji, jibu langu kwa kifupi ni hili: paka rangi ya maji nyeupe isiyong'aa hata kidogo, ya daraja zuri la ndani ya nyumba, juu ya ukuta mkavu ulionyooshwa kwa uangalifu. Silki uiache, rangi maalumu uiache, na kijivu ukiweke kando mpaka utakapokuwa umeiona picha kwenye nyeupe. Fedha utakayookoa uitumie kwenye puti, msasa na mapazia, kwa sababu huko ndiko picha inakoharibikia au kutengenezekea. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa utazihitaji utakapokuwa unazungumza na fundi wako.

Fundi wako hakukosea kusema kwamba silki hurudisha mwanga mwingi. Tatizo ni upande inakourudishia. Uso usiong'aa huupokea mwanga wa projekta na kuutawanya pande zote, hivyo kwamba aliyekaa katikati ya kochi na aliyekaa pembeni kwenye kigoda wanaiona picha kwa mwangaza unaokaribiana sana. Tabia hii ilielezwa kihisabati na Johann Heinrich Lambert mwaka 1760, na mpaka leo uso wa namna hiyo huitwa kwa jina lake. Rangi ya silki ina ngozi laini ya gundi juu ya unga wake mweupe, na ngozi hiyo hufanya kazi ya kioo hafifu: sehemu ya mwanga haitawanyiki, bali huruka upande mmoja tu. Anayekaa kwenye njia ya mwanga huo huona doa jeupe lililokolea katikati ya picha huku pembe zikififia, na akihama kiti, doa nalo linahama. Katika filamu yenye matukio ya usiku unaweza usilione sana. Katika mpira halikwepeki, kwa kuwa kamera inafuata mchezo juu ya majani ya kijani huku doa likibaki palepale, na jicho hunasa mara moja kitu kisichosogea pamoja na picha. Zaidi ya hayo, mng'ao huonyesha kila alama ya rola na kila kovu la lipu.

Hoja hiyohiyo inagusa rangi maalumu za skrini. Watengenezaji wa skrini hutumia kipimo cha urudishaji, ambacho hulinganisha mwangaza wa skrini, ukiitazama kutoka mbele, na ule wa uso mweupe wa rejea unaotawanya mwanga kwa usawa; uso wa rejea hupewa 1.0. Rangi ikinadiwa kuwa na 1.3 au 1.5, maana yake ni kwamba imechukua mwanga uliokuwa uende kwa watu wa pembeni ikawapa waliokaa katikati, kwa maana hakuna rangi inayozalisha mwanga. Nyingi kati ya hizo hufanya hivyo kwa chembe za alumini au za mika, madini yanayometameta. Kiwandani chembe hizo huweza kulazwa kwa usawa, lakini kwa rola ya mkononi hulala kila moja upande wake, na matokeo yake ni michirizi na vimetameta vinavyoonekana kwenye anga na kwenye jezi nyeupe. Simshauri mtu apake rangi ya aina hiyo kwa rola.

Swali linalobaki ni kama nyeupe isiyong'aa inakutosha. Skrini ya inchi 100 yenye umbo la 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 124.5, yaani eneo la mita za mraba 2.76 hivi. Lumeni 700 zikigawanywa kwa eneo hilo zinatoa laksi 254, yaani lumeni 254 kwa kila mita ya mraba. Rangi ikirudisha asilimia 85 ya mwanga huo, picha yako nyeupe itakuwa na mwangaza wa kandela 69 hivi kwa mita ya mraba, ilhali kiwango kinachotumika katika majumba ya sinema ya kidijitali ni kandela 48. Katika chumba chenye giza, basi, una mwanga wa kutosha na akiba juu yake, na akiba hiyo utaihitaji kadiri taa ya projekta inavyozeeka na kufifia.

Hesabu hii inategemea neno ANSI lililoandikwa kwenye boksi kuwa la kweli. Projekta nyingi ndogo huuzwa kwa maelfu ya lumeni yasiyotaja kipimo chochote, na zikipimwa kwa utaratibu wa ANSI au wa ISO 21118 hubaki na mia mbili au mia tatu. Ikiwa yako itaonekana dhaifu, dawa yake ni kupunguza ukubwa wa picha. Kutoka inchi 100 hadi inchi 80 unapata mwangaza zaidi ya mara moja na nusu, jambo ambalo hakuna kopo la rangi litakalokupa bila kuwadhulumu wanaokaa pembeni.

Sasa kijivu, ambacho kinahitaji maelezo ya makini kwa sababu kinasifiwa kwa kazi kisichoifanya. Wengi wanaamini kwamba kijivu huzuia mwanga wa dirishani usiharibu picha. Chukua mechi inayoanza saa 9 alasiri kule Uingereza: kwetu ni saa 11 jioni wakati wa majira yao ya joto, na saa 12 jioni katika miezi ya baridi yao. Saa 11 jioni Tanga bado jua lipo. Tuseme mwanga wa dirishani unaomwagika juu ya ukuta ni laksi 100, na projekta yako inatoa laksi 254. Sehemu nyeupe ya picha ina 354, na sehemu nyeusi, ambayo projekta haiwezi kuitia weusi kwa kuwa kazi yake ni kuongeza mwanga tu, ina zile 100 za dirisha. Nyeupe yako haifiki hata mara nne ya nyeusi yako, na picha itaonekana kama imefunikwa na ukungu. Ukipaka kijivu kinachorudisha asilimia 60 tu, pande zote mbili zinapungua kwa kiasi kilekile na uwiano unabaki ulivyokuwa. Ulichopata ni picha ileile, iliyofifia zaidi. Ukifunga pazia zito lililoshonewa kitambaa cheusi nyuma, mwanga wa dirisha ukashuka hadi laksi 5, nyeupe inakuwa zaidi ya mara 50 ya nyeusi. Ndiyo maana nasema pazia linunuliwe kabla ya rangi.

Kuna jambo moja ambalo kijivu hulifanya kweli. Katika sebule yenye dari nyeupe, kuta za rangi ya maziwa na marumaru zinazong'aa, mwanga wa picha yenyewe huruka kutoka kwenye skrini, ukagonga dari na sakafu, kisha ukarudi juu ya skrini na kuzichafua sehemu nyeusi. Mwanga huo wa kurudi hupunguzwa na kijivu mara mbili, mara ya kwanza unapotoka na mara ya pili unaporudi, ilhali picha hupunguzwa mara moja tu. Hapo uwiano unaongezeka. Lakini faida hiyohiyo unaweza kuipata bila kuupunguza mwangaza wa picha: tandika zulia la rangi nzito mbele ya skrini, na upake mita ya kwanza ya dari, ile inayopakana na ukuta huo, kijivu cha wastani kisichong'aa au rangi yoyote nzito isiyong'aa. Kwa projekta ya lumeni 700 ningeanza na zulia na dari.

Ikiwa baada ya yote hayo bado utakitaka kijivu, kiwe chepesi, kinachorudisha kama asilimia 75 ya mwanga, na kiwe kijivu kweli. Nyeupe iliyotiwa nyeusi peke yake huelekea kwenye bluu, kwa kuwa masizi yanayotumika kama rangi nyeusi hutoa ubluu yakichanganywa na nyeupe nyingi. Mwombe mchanganyaji wa dukani aongeze kiasi kidogo cha kahawia na manjano ya udongo, kisha apake kwenye karatasi nyeupe na kuiacha ikauke. Itazame nje, kivulini, wala usiiamini taa ya dukani. Ikionekana na ubluu au uwaridi, picha zako zote zitakuwa nao, hasa nyuso za watu.

Turudi kwenye ukuta, maana kazi kubwa iko hapo. Chumvi unayoiona chini ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, au ya mchanga wenye chumvi uliotumika kwenye lipu, na mara nyingi katika miji ya pwani ni yote mawili pamoja. Maji yanaposafiri ndani ya ukuta huyeyusha chumvi, na yanapokaukia juu huiacha pale, ikisukuma rangi mpaka ibabuke. Hakuna rangi inayoizuia hali hiyo kwa muda mrefu. Kwa bahati nzuri, ukingo wa chini wa picha yako utakuwa kama sentimita 80 juu ya sakafu, na huenda eneo lenyewe la skrini ni kavu. Lipime: bandika kipande cha nailoni safi, chenye ukubwa wa nusu mita kila upande, kwa tepu kwenye kingo zake zote, ukiache usiku na mchana mzima. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta umebadilika rangi chini ya nailoni, unyevu upo, na hapo lipu iliyoathirika ibanduliwe, chanzo kishughulikiwe, ipigwe nyingine kwa mchanga usio na chumvi na iachwe ikauke. Lipu mpya ya saruji ipewe wiki nne kabla ya rangi, kisha ianze na praima inayostahimili ukali wa saruji.

Eneo likiwa kavu, subiri usiku, uzime taa, ulaze tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite sambamba nao. Kila bonde na kila nundu itatupa kivuli, na utashangaa jinsi ukuta uliouona mnyoofu mchana ulivyo na mawimbi. Zungushia alama za penseli. Mabonde mapana, yale yanayoonekana fundi akiweka rula yake ndefu ya alumini, hupinda mistari ya picha. Vinundu vidogo na mikwaruzo ndivyo vinavyoipa picha sura ya kuchafuka. Kwa projekta ya kawaida iliyowekwa mita 3 au zaidi kutoka ukutani, kasoro ndogo husameheka. Kwa zile zinazokaa chini kabisa ya ukuta na kurusha mwanga kuelekea juu, hazisameheki, kwa sababu mwanga wao unapita sambamba na ukuta kama ule wa tochi. Mwenye projekta ya namna hiyo ni afadhali anunue skrini ngumu ya kiwandani.

Ukuta wenye niru huwa laini mno kwa puti kushika, kwa hiyo uusugue kwanza kwa msasa wa namba 80 au 100. Chagua puti yenye asili ya saruji nyeupe, kwa sababu ile ya jipsamu hulegea ikipata unyevu wa pwani. Ipigwe mikono miwili myembamba, wa kwanza kwenda kushoto na kulia na wa pili kwenda juu na chini, kila mmoja ukiachwa ukauke kabisa. Kisha msasa wa namba 120 uliofungwa kwenye kibao bapa, ukifuatiwa na namba 180 au 220. Kiganja kitupu kisitumike badala ya kibao, maana hufuata mabonde yaliyopo na kuyaongezea kina. Vaa barakoa, na kama kuna rangi ya mafuta ya zamani chini, usiisugue ikiwa kavu, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Tumia msasa wa maji na watoto wawe mbali. Rudia jaribio la tochi, na ujitahidi usimruhusu fundi kufungua kopo kabla ya wewe mwenyewe kuridhika na unachokiona.

Kopo lenyewe lichaguliwe kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba liandikwe ni la rangi isiyong'aa, na kwa kuwa kiwango cha mng'ao hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, upake kipande cha mbao, ukiache kikauke siku mbili na ukitazame kwa mshazari dhidi ya dirisha. La pili ni ubora wa weupe. Rangi nzuri hupata weupe wake kutoka kwa titani dioksidi, ambayo hupinda mwanga kwa nguvu kuliko gundi inayoishikilia. Unga wa chaki, unaojazwa kwa wingi kwenye ndoo za bei ya chini, hupinda mwanga karibu sawa na gundi hiyo, na ndiyo maana rangi ya namna hiyo huonyesha ukuta ikiwa mbichi. Tena huacha vumbi jeupe kiganjani ikikauka. Nunua nyeupe safi, usinunue ya maziwa wala ya krimu. Ukuta wenye rangi yoyote hukulazimu kupunguza rangi nyingine kwenye projekta ili kusawazisha, na kila unachopunguza ni mwanga unaopotea. Lita moja ya rangi nzuri hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, na wewe una mita tatu za mraba kwa mikono mitatu. Lita moja inatosha kwa shida, kwa hiyo chukua mbili, au kopo la lita nne lililo moja, ili usichanganye matoleo mawili katikati ya kazi.

Kabla ya kupaka, projekta ifungwe mahali pake pa kudumu, iwe sawa na ukuta bila kuinamishwa, na picha yake ndiyo ikuonyeshe pembe nne za kutia alama. Ukiipinda projekta kisha ukainyoosha picha kwa mipangilio ya ndani, unapoteza sehemu ya nukta za picha ulizozilipia.

Joto la Tanga hukausha rangi haraka, na rangi inayokauka kabla rola haijarudi huacha mistari. Anza asubuhi mapema, uzime pangaboi, ufunge madirisha mpaka mkono mmoja uishe. Tumia rola ya manyoya mafupi ya milimita 6 au ya sponji nzito; ya manyoya marefu huacha vipele. Paka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kupumzika, kila pito likipandia kidogo lile la jirani lingali bichi, na umalizie kwa kuiteremsha rola kwa wepesi, bila kuikandamiza, kutoka juu hadi chini kwa mwelekeo uleule. Ukiona kasoro baada ya rangi kuanza kushika, iache. Kuirudia ndiko kunakozaa mabaka. Subiri ikauke, pitisha msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, upake mkono unaofuata. Mkono wa mwisho ukikauka, onyesha picha nyeupe tupu kwa projekta na uitazame kutoka kila kiti. Usihukumu siku hiyohiyo, kwa kuwa mng'ao wa rangi huendelea kushuka kwa siku kadhaa.

Zungushia picha fremu nyeusi ya upana wa sentimita 6 hadi 8. Rangi nyeusi isiyong'aa inatosha, lakini mahameli nyeusi iliyobandikwa kwenye vipande vya mbao ni bora zaidi, kwa sababu vinyweleo vyake humeza mwanga unaozidi ukingo, na jicho likiwa na weusi wa kweli pembeni huiona picha kuwa imekolea. Kwa gharama yake ndogo, sijui kitu kingine kinachoinua sura ya skrini ya nyumbani kiasi hicho. Viti viwe mita 3 hadi 4 kutoka ukutani.

Kama jaribio la nailoni litaonyesha unyevu na huwezi kubomoa lipu sasa, usipake ukuta huo. Tumia ubao wa jipsamu unaostahimili unyevu au plaiwudi nzuri, uliofungwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite nyuma yake kwa sentimita 2 au 3. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, huvimba kwenye unyevu, kwa hiyo iepuke. Ubao wa kawaida ni sentimita 244 kwa 122, kimo kinachopungua kidogo kuliko kile cha inchi 100, na kwa hiyo utapata inchi 98 bila kiungo, mradi fremu nyeusi ikae nje ya ubao. Kubali hizo inchi mbili zipungue kuliko kuunga mbao mbili, kwa sababu kiungo hupasuka mstari baada ya muda, na mstari huo utauona katika kila picha angavu. Uso wake upigwe puti, msasa na rangi kwa utaratibu uleule nilioueleza.

Skrini ikiwa tayari, isifutwe kwa kitambaa kibichi wala kusuguliwa kwa sabuni, maana rangi isiyong'aa ikisuguliwa hupata mng'ao mahali hapo. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Alama ya kidole au ya mpira wa mtoto usiizibe kwa kiraka cha rangi, kwa kuwa kiraka kitaonekana. Sugua pale kidogo kwa msasa wa 220, kisha upake skrini yote mkono mmoja kutoka kwenye rangi uliyobakiza, ambayo kopo lake uwe umelifunga vizuri na kuliweka mahali pasipopigwa na jua.